Wagonjwa Mahututi Wahudumiwe kwa Ujuzi, Si kwa Mazoea

Kwa miaka mingi mgonjwa aliyezidiwa huko Sengerema au Geita, akipelekwa Mwanza, alikuwa na maadui wawili: maradhi yake na maji ya Ghuba ya Mwanza. Gari la wagonjwa lilifika Busisi likasubiri kivuko kirudi kutoka Kigongo, na ndugu waliomsindikiza wakabaki kuyatazama mawimbi na kuhesabu pumzi za mtu wao. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3, na adui wa pili akashindwa. Safari iliyoweza kula saa nzima na zaidi sasa ni ya dakika chache. Hiyo ni kazi kubwa, na kila Mtanzania ana haki ya kujivunia.

Lakini daraja halimtibu mgonjwa. Daraja humfikisha tu. Swali linalofuata ni zito kuliko lile la kuvuka maji: mgonjwa huyo akishapandishwa kilima cha Bugando na kulazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, atahudumiwa namna gani? Je, atafanyiwa yale ambayo utafiti umekwisha kuthibitisha kuwa yanaokoa maisha, kila siku na kila zamu, usiku kama mchana? Au atahudumiwa kwa mazoea, kwa kufuata jinsi kazi ilivyokuta ikifanywa na jinsi kila mmoja alivyoona kwa mkubwa wake?

Hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa Katoliki na ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971. Ikawa chini ya Serikali, kisha mwaka 1985 ikarudishwa kwa Baraza la Maaskofu, huku ikiendelea kuwahudumia wananchi kwa ubia na Serikali. Leo ina vitanda zaidi ya 900. Tangu mwaka 2003 juu ya kilima hicho hicho kipo pia chuo kikuu kinachofundisha madaktari na wataalamu wengine wa afya. Mikoa sita ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 16 katika Sensa ya mwaka 2022. Mvuvi wa Ukerewe, mchimbaji wa dhahabu wa Geita, mkulima wa pamba wa Bariadi na kijana wa bodaboda wa Igoma, wote hao, hali inapokuwa mbaya kupita kiasi, macho ya jamaa zao huelekea Bugando.

Serikali haikukaa bure. Mwezi Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya Uviko-19 na ustawi wa Taifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya huduma za dharura na wodi za wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi nchini, zikanunuliwa mashine, ikafungwa mitambo ya kuzalisha oksijeni. Mikoa ambayo zamani haikuwa na hata kitanda kimoja cha namna hiyo sasa inavyo. Utepe umekwisha kukatwa. Inayobaki ni kazi isiyokuwa na sherehe, nayo ni kuhakikisha kwamba vitu hivyo vinatumika ipasavyo.

HESABU

Katika jambo la uhai hapana budi kuanza na hesabu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliotazama wagonjwa zaidi ya 5,000 waliolazwa katika wodi za mahututi za hospitali nne kubwa za rufaa: Muhimbili, KCMC, Mbeya na Bugando yenyewe. Wagonjwa 41 katika kila 100 walifariki humo wodini. Wengi walikuwa vijana na watu wazima wa umri wa kufanya kazi, wenye watoto wa kulea na mashamba ya kulima.

Madaktari wa Bugando wenyewe, kwa uungwana unaostahili sifa, wamekwisha kuziandika hesabu za hospitali yao na kuzitoa hadharani. Walitazama majeruhi waliolazwa katika wodi ya mahututi, wengi wao wakiwa wameumia katika ajali za barabarani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, karibu theluthi moja ya majeruhi hao walifariki. Mwaka huo huo walichapisha habari za wagonjwa 102 wa pepopunda waliopokewa katika muda wa miaka kumi: 43 katika kila 100 hawakupona. Hayo yalikuwa ya miaka ile, na mengi yamerekebishwa tangu hapo. Hata hivyo yanabaki kuwa kipimo ambacho kila hatua mpya lazima ilinganishwe nacho.

Mtu asiharakishe kusema kwamba wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kufika. Wako waliofika wakiwa hawana tumaini, na hao tabibu hana la kuwafanyia ila kuwapunguzia maumivu. Lakini wako pia waliofika wakiwa na nafasi ya kupona, na nafasi hiyo ikapotea saa nane za usiku, kwa msukumo wa damu uliopimwa na kuandikwa kwenye karatasi bila mtu kuchukua hatua. Au siku ya tano, kwa mrija uliobaki mwilini siku tatu baada ya kazi yake kwisha. Vifo vya namna hii havipigiwi kelele, kwa sababu hakuna aliyefanya kosa kubwa. Kila mmoja alifanya kama kawaida. Na hiyo kawaida ndiyo inayopaswa kuchunguzwa.

YANAYOJULIKANA

Yale yanayomwokoa mgonjwa mahututi si siri tena, na mengi miongoni mwake hayana gharama. Aliyewekewa mashine ya kupumulia huinuliwa kichwa cha kitanda, ili yaliyomo tumboni yasipande na kuingia mapafuni. Mashine hutengenezwa isimjaze hewa kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa, kati ya wagonjwa wenye mapafu yaliyoharibika, waliopewa pumzi ndogo walikufa 31 katika kila 100, hali waliopewa pumzi kubwa kwa mtindo wa zamani walikufa karibu 40. Mashine ni ile ile na umeme ni ule ule. Tofauti ilikuwa mkono wa mtu aliyezungusha kitufe.

Kadhalika, dawa za kumlaza usingizi mgonjwa hupunguzwa kila asubuhi ili ionekane kama aweza kuamka na kupumua mwenyewe, maana anayelazwa usingizi mzito bila sababu hukaa kwenye mashine siku nyingi zaidi. Mpira wa mkojo na mirija ya mishipani huondolewa siku ile ile isipohitajika tena. Mgonjwa hugeuzwa ili asipate vidonda vya kulalia, na hali ikiruhusu huketishwa na kusimamishwa mapema. Oksijeni hupimwa, ikaongezwa kwa anayepungukiwa na kupunguzwa kwa aliyetosheka. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulithibitisha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa kwenye rafu za hospitali kwa makumi ya miaka, ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa kwenye mashine.

Na mikono huoshwa, kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa. Mwanza inayo sababu yake yenyewe ya kulikazania jambo hili. Mwaka 2009 wataalamu wa maabara wa Bugando walichapisha taarifa ya vijidudu walivyovipata kwa wagonjwa wao: katika aina moja iitwayo Klebsiella, zaidi ya nusu ya vijidudu vilikuwa vimekwisha kupata uwezo wa kuzishinda dawa ambazo zamani ziliviua. Kijidudu cha namna hiyo husafiri kitanda kwa kitanda juu ya vidole vya watu wema wenye haraka. Hospitali iliyo kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika haipaswi hata siku moja kukosa maji na sabuni ya kukizuia.

Ikiwa mambo haya yanajulikana, kwa nini hayafanyiki kila siku? Jibu si uvivu, wala si ujinga. Muuguzi mmoja anayewaangalia wagonjwa wengi kuliko uwezo wa mtu mmoja atawahi lile linalopiga kelele na kuliacha lile lililonyamaza. Daktari kijana humfuata mkuu wake, na mkuu wake alifundishwa kabla ya utafiti huo kufanywa. Mwongozo mpya hutumwa kwa waraka, waraka ukapokewa kwa sahihi, ukafungiwa kabatini. Kisha huitishwa semina, aghalabu mbali na hospitali, akaenda mkubwa wa idara akarudi na cheti, naye muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye ndiye mwenye kukaa na mgonjwa, asisikie hata neno moja. Baada ya mwaka huulizwa kwa nini mambo hayakubadilika. Yangebadilikaje?

Waraka haujapata kubadili mazoea popote duniani. Mazoea hubadilishwa na watu wanaofanya kazi pamoja, waliokubaliana juu ya mambo machache, wanaokumbushana kila siku, na wanaoyaona matokeo ya kazi yao kwa macho yao.

MIFANO

Upo mfano wa mbali na upo wa karibu. Wa mbali ni wa jimbo la Michigan, Marekani. Humo wodi za mahututi zaidi ya 100 zilikubaliana kufuata mambo matano kila mrija unapoingizwa katika mshipa mkubwa wa mgonjwa: kuosha mikono, kuvaa mavazi safi kamili na kumfunika mgonjwa, kusafisha ngozi kwa dawa iliyothibitishwa, kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mrija mara usipohitajika. Orodha ilikuwa fupi kuliko hati ya mahitaji ya harusi. Muuguzi akapewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa maambukizi yaletwayo na mirija hiyo yalipungua hadi asilimia 66, na upungufu huo ukadumu kwa muda wote wa miezi 18 waliofuatiliwa. Hakuna hata moja katika yale matano lililokuwa geni kwa madaktari wale. Jipya lilikuwa kuyafanya yote, kila mara, na kuhesabu.

Mfano wa karibu ni wa Muhimbili. Katika wodi ya mahututi ya hospitali hiyo, Watanzania na wenzao kutoka Sweden walitengeneza utaratibu mwepesi. Pumzi, mapigo ya moyo, msukumo wa damu, oksijeni na fahamu za mgonjwa viliwekewa mipaka ya hatari. Kipimo kikivuka mpaka, muuguzi hakulazimika kukisia wala kumsubiri mkubwa arudi. Hatua ya kwanza ilikuwa imekwisha kuandikwa mbele yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya wagonjwa wote kwa jumla havikushuka kwa kiasi cha kutangaza ushindi, na watafiti walisema hivyo bila kificho. Lakini kwa wale walioingia wodini msukumo wao wa damu ukiwa umeanguka, vifo vilishuka kutoka kiasi cha 92 katika kila 100 hadi 69. Hii maana yake ni kwamba katika kila watu wanne au watano ambao wangezikwa, mmoja alirudi nyumbani. Hakujengwa jengo jipya kwa ajili yake. Iliandikwa karatasi, ikafundishwa, ikafuatwa.

TAHADHARI

Hata hivyo kufuata ushahidi si kuiga kila kitokacho ng'ambo. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika hospitali wakiwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini. Ulimwengu mzima ulikuwa ukifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Watoto waliopewa maji hayo kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakuharakishiwa: 10.6 katika kila 100 kwa 7.3, katika saa 48 za mwanzo. Miaka sita baadaye ikaja habari ya watu wazima. Katika hospitali ya chuo kikuu mjini Lusaka, Zambia, wagonjwa 212 wenye maambukizi makali na msukumo mdogo wa damu waligawanywa kwa makundi mawili. Waliotibiwa kwa utaratibu wa nchi tajiri, wa dripu nyingi mapema na dawa za kupandisha msukumo wa damu, walifariki 48 katika kila 100. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali ile walifariki 33.

Funzo la Lusaka ni la thamani kubwa kwa Mwanza. Mgonjwa wa kando ya Ziwa Viktoria mara nyingi ana maradhi mengine chini ya yale yaliyomleta: malaria, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, upungufu wa damu. Hana hakika ya kupata mashine ya kupumulia mapafu yake yakijaa maji. Dawa iliyomfaa mtu wa London huenda isimfae yeye. Kwa hiyo kujitegemea katika elimu ya tiba si jambo la fahari tu. Ni jambo la kufa na kupona. Taifa linalongoja kila mara kuambiwa na wengine ni tiba gani inayowafaa watu wake, litawapoteza watu hao hali likifuata maagizo kwa utiifu. Bugando ina hospitali, ina chuo, ina maabara na ina wagonjwa. Hesabu zake ni mali ya Taifa, na hapana budi zikusanywe, zisomwe na zitumike.

NJIA YA KUFUATA

Namna ya kugeuza elimu kuwa matendo haikupata kuwa ngeni katika nchi hii. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Haikuwa hotuba ya siku moja. Watu kiasi cha milioni mbili walikutana katika vikundi vidogo vya kusoma. Walisikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha kila kikundi kikaamua chenyewe lipi la kufanya kijijini kwake. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa. Aliyeshiriki katika kuamua hakuhitaji kusukumwa katika kutenda. Ambacho mkulima asiyekuwa na shahada aliweza kukifanya mwaka 1973, daktari bingwa na muuguzi mwenye stashahada hawawezi kushindwa nacho leo.

Kila wodi ya mahututi katika Kanda ya Ziwa na iwe na kikundi chake. Wamo daktari, muuguzi, mtaalamu wa usingizi, mfamasia, mtu wa maabara, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mhudumu anayesafisha sakafu na vitanda, maana naye ana sehemu yake katika kuzuia maambukizi. Wachague mambo matano au sita, si arobaini. Wayaandike kwa Kiswahili chepesi kwenye kadi iliyo kando ya kitanda. Kila asubuhi, wakati wa kupita wodini, kadi isomwe kwa sauti mbele ya kila mgonjwa: kichwa cha kitanda kimeinuliwa? Dawa ya usingizi imepunguzwa? Mrija huu bado una kazi? Na wakati wa kukabidhiana zamu isomwe tena. Dakika mbili kwa kitanda zinatosha.

Jambo la pili ni sauti ya muuguzi. Mwaka ule ule Bugando ilipofunguliwa, TANU ilitoa Mwongozo wake, ambao ulimkataza kiongozi majivuno na dharau kwa watu anaowaongoza. Watu wengi hudhani agizo lile lilikuwa la wakurugenzi wa viwanda. Mahali panapolihitaji kuliko pote ni penye kitanda cha mgonjwa mahututi. Muuguzi akiona daktari ameruka hatua, akanyamaza kwa kuogopa kufokewa, anayelipa gharama ya unyamavu huo ni mgonjwa asiyeweza kusema. Mganga mkuu na atangaze hadharani, mbele ya wote, kwamba muuguzi anayekumbusha hafanyi utovu wa adabu. Anafanya kazi yake. Na daktari anayekumbushwa hapungukiwi na heshima kwa kusema ahsante.

Jambo la tatu ni kuhesabu bila kuona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali nayo ni hivyo hivyo. Kila mwezi iandikwe ukutani: wangapi waliingia, wangapi walitoka hai, wangapi walipata maambukizi wakiwa wodini, mara ngapi kadi ilifuatwa kikamilifu. Hesabu hizo zisitumiwe kumtafuta wa kumwadhibu. Mfanyakazi akiadhibiwa kwa kusema kweli, mwezi unaofuata ataandika uongo, na uongo katika karatasi za wodi ni sumu.

Jambo la nne ni malezi. Hospitali ya kanda isijifungie juu ya kilima chake. Sekou Toure, Sengerema, Nansio, Geita na Musoma zina haki ya kupata mlezi anayezitembelea, anayekaa nazo siku kadhaa na kusimama wodini bega kwa bega na wenyeji, kisha akapiga simu kila wiki kuuliza kazi imefikia wapi. Ziara moja yenye picha za magazeti haibadilishi kitu. Msaada kwa wodi ya mahututi ni wa miezi na miaka, kama mkulima na shamba lake.

Tena isisahaulike kwamba si kila mgonjwa mahututi yumo katika wodi ya mahututi. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2025 ulikuta kuwa mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa hospitalini alikuwa mahututi, na karibu saba katika kila kumi wa hao walikuwa katika wodi za kawaida. Mmoja katika watano alifariki ndani ya wiki moja. Wengi walikosa vitu vya msingi kabisa, kama oksijeni kwa anayeshindwa kupumua. Kwa hiyo kadi ya kando ya kitanda isiishie penye mashine. Ifike wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, na kituo cha afya kisiwani, ambako mgonjwa huanza kuzidiwa kabla ya mtu kuita gari au mtumbwi wa injini.

WAJIBU

Watakuwako watakaosema kwamba haya ni maneno matamu, lakini wauguzi ni wachache, umeme hukatika, na oksijeni ni ghali. Wanasema kweli, na kweli yao isipuuzwe. Kikundi chenye ari hakiwezi kuwa mahali pa watumishi ambao hawakuajiriwa. Serikali inadaiwa kutimiza idadi ya wauguzi inayolingana na vitanda ilivyovijenga. Kuhakikisha mitambo ya oksijeni ina vipuri na fundi. Na kutomhamisha kila baada ya miezi michache muuguzi aliyekwisha kuzoea kazi hii ngumu. Mashine bila mtu ni samani. Chama, ambacho ndicho kinachosimamia utekelezaji wa Ilani, kina wajibu wa kuuliza maswali hayo kila viongozi wake wanapokagua miradi. Wasiulize tu mashine ziko ngapi. Waulize ni wagonjwa wangapi waliotoka wakitembea.

Lakini uhaba usifanywe kisingizio. Kuinua kichwa cha kitanda hakungoji bajeti. Kuutoa mrija usiohitajika hakungoji bajeti, bali huokoa fedha. Kila siku ambayo mgonjwa anabaki wodini bila sababu ni siku ambayo ndugu zake wanalala nje ya geti, wameacha mitumbwi na mashamba, na aliye kijijini anatafuta mnunuzi wa ng'ombe wa pili. Kwa familia ya mvuvi, siku tatu zilizopunguzwa kwenye mashine ni tofauti kati ya kurudi kwenye kazi na kurudi kwenye deni. Nazo familia ziambiwe yanayofanyika, kwa lugha wanayoielewa, wapate kujua kwa nini mtu wao anaamshwa kila asubuhi, wasidhani anateswa.

Daraja la Kigongo na Busisi lilijengwa kwa miaka mitano, nguzo kwa nguzo, na hakuna nguzo hata moja iliyosimamishwa kwa kukisia. Kila kipimo kilichukuliwa, kikahakikiwa na mtu wa pili, kikaandikwa. Kama mhandisi angejenga kwa mazoea, daraja lingekuwa chini ya maji. Mgonjwa anayevushwa leo juu ya daraja hilo anastahili kukuta ng'ambo ya pili uangalifu ule ule: kipimo kilichochukuliwa, kilichohakikiwa na kilichofuatwa na hatua. Elimu ipo, na sehemu yake imetafutwa na Watanzania wenyewe. Madaktari na wauguzi wa Kanda ya Ziwa wana uwezo wa kuitumia. Kinachotakiwa ni viongozi wao kuwapa nafasi, sauti na zana. Nao waanze kesho asubuhi, kitanda cha kwanza, kwa kuisoma kadi kwa sauti.